Mwezi wa Saa Nne Asubuhi

Katika shule nyingi za sekondari somo la sura za mwezi huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Mwalimu huchora jua upande mmoja, dunia katikati, na miezi midogo minane ikiizunguka dunia kama watoto wachezao ngoma. Wanafunzi hunakili, hukariri majina ya Kiingereza ya sura hizo, na mtihani ufikapo huyarudisha kama walivyoyapokea. Hakuna aliyeinua macho. Na mara nyingi somo lenyewe hufundishwa asubuhi, wakati mwezi uko nje ya dirisha, umeinamia magharibi, mweupe kama kipande cha wingu.

Jambo hili lastahili kulalamikiwa. Mwezi ni kifaa cha sayansi ambacho kila shule inacho. Hauhitaji umeme, hauna vipuri vya kuagizwa ng'ambo, wala haufungiwi katika kabati ya maabara na ufunguo ukapotea. Kuufundisha kwa chaki peke yake, huku wenyewe ukionekana juu ya paa la darasa, ni sawa na kufundisha umbo la muhogo kwa picha katika kijiji cha wakulima wa muhogo. Sura za mwezi zapaswa kufundishwa mchana, uwanjani. Na mwezi wa mchana usichukuliwe kuwa kioja cha kutajwa pembeni, kwa kuwa huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote katika somo hilo.

Sababu ya kudai hivyo ni kosa moja sugu. Mwulize mwanafunzi aliyekwisha kufaulu mtihani kwa nini sehemu ya mwezi huwa na giza, naye aghalabu atajibu kwamba ni kivuli cha dunia. Kosa hilo si la Afrika ya Mashariki peke yake. Katika filamu moja iliyotengenezwa Marekani mwaka 1987, watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu na walimu wao wakiwamo, waliulizwa siku ya mahafali ama sababu ya majira ya mwaka ama sababu ya sura za mwezi. Watu 21 walikosea. Kosa la namna hii haliondolewi kwa mchoro, kwa maana mara nyingi mchoro wenyewe ndio unaolizaa: ubaoni jua, dunia na mwezi vimebanana katika nafasi ya mita moja, na mwanafunzi huona kama dunia yaweza kuuzibia mwezi nuru wakati wowote. Kumbe mwezi uko mbali na dunia kiasi cha kilometa 384,400, yaani kama dunia 30 zilizopangwa katika mstari mmoja.

Sasa watoke nje saa nne asubuhi, siku ya 22 hivi tangu mwezi kuandama. Jua liko upande wa mashariki, limekwisha kupanda juu. Mwezi uko upande wa magharibi, nusu yake ikionekana. Je, kivuli cha dunia kiko wapi saa hiyo? Kivuli cha kitu chochote huangukia upande usio na jua. Jua likiwa juu upande wa mashariki, kivuli cha dunia kinaelekea chini upande wa magharibi, ng'ambo ya ardhi, chini ya nyayo za wanafunzi wenyewe. Mwezi uko juu ya upeo wa macho. Kivuli kiko chini yake. Hata hivyo nusu ya mwezi haina nuru. Basi giza lile haliwezi kuwa kivuli cha dunia. Hoja hii haihitaji hesabu wala darubini, nayo yatumika wakati wote jua na mwezi viwapo juu angani pamoja. Mwanafunzi aliyeiona kwa macho yake hatarudia lile jibu la kivuli, hata akisahau majina yote manane.

Likisha kuondolewa jibu la uongo, jibu la kweli laweza kuonyeshwa kwa chungwa. Mwanafunzi asimame juani, anyoshe mkono wake kuelekea mwezi, na ashike chungwa, au tufe la udongo lililopakwa chokaa, mpaka lionekane limekaribiana na mwezi angani. Ataona kwamba chungwa lina nuru upande uleule na kwa kiasi kilekile kama mwezi. Mwezi ukiwa nusu, chungwa nalo ni nusu. Mwezi ukiwa mwembamba, chungwa nalo limebaki na ukingo mwembamba wa nuru. Jua liko mbali mno hata nuru yake hulifikia chungwa na mwezi kwa uelekeo karibu uleule, na jicho linavitazama vyote viwili kutoka upande mmoja. Hakuna kilichozibwa. Nusu ya chungwa daima inaangazwa; kinachobadilika ni kiasi gani cha nusu hiyo kinaelekea kwa mtazamaji. Kuna onyo moja ambalo mwalimu hana budi kulitoa kabla ya yote: mtu yeyote asilitazame jua lenyewe, hata kwa nukta moja.

Hapo ndipo swali la pili hujitokeza, nalo huulizwa na wanafunzi walio wepesi: kwa nini mwezi uonekane mchana na nyota zisionekane? Wengine hujibiwa kwamba mwezi wa mchana ni mwezi uliochelewa kulala. Jibu hilo ni zuri kwa watoto wa chekechea. Ukweli ni kwamba mwezi hauna uhusiano wowote na usiku. Huwa juu ya upeo wa macho muda wa saa 12 hivi katika kila siku, na ukipiga hesabu ya mwezi mzima, karibu nusu ya muda huo huangukia mchana. Ni usiku wa mwezi mpevu tu ambapo huchomoza jua linapotua na kutua jua linapochomoza, na ndiyo siku ambayo watu huutazama zaidi. Kutokana na siku hiyo moja umezaliwa msemo usio rasmi wa michoro ya watoto na vitabu vya hadithi, kwamba jua ni la mchana na mwezi ni wa usiku.

Nyota hufifia mchana kwa sababu hewa hutawanya nuru ya jua kila upande, hasa ile nuru ya buluu, na mbingu nzima ikawa kama pazia linalong'aa. Nyota ni nukta ndogo ya nuru, pazia huishinda. Mwezi si nukta. Ni uwanja wa mawe na vumbi unaopigwa na jua kali la mchana, kama ardhi ya uwanja wa mpira ipigwavyo saa sita. Udongo wake kwa kweli ni mweusimweusi: hurudisha sehemu 12 hivi tu katika kila sehemu 100 za nuru inayoufikia, sawa na lami iliyochakaa. Lakini lami iliyopigwa na jua la mchana, ikitazamwa kutoka chumba chenye giza, hung'aa. Usiku anga ndilo chumba chenye giza, na kwa hiyo mwezi huonekana kama taa. Mchana anga lina nuru yake, na mwezi uleule, usiopungua kitu, huonekana umefifia. Mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua mara 400,000 hivi, lakini ni mkali kuliko nyota iliyo kali kupita zote za usiku kwa makumi ya maelfu ya mara.

Mwanafunzi atazame pia rangi. Sehemu ya mwezi isiyo na nuru haionekani nyeusi mchana. Ni ya buluu sawasawa na mbingu iliyo kando yake. Mtu angedhani mwezi umetobolewa na mbingu inaonekana kupitia tundu hilo. Sababu ni kwamba buluu hiyo haiko nyuma ya mwezi, iko mbele yake: ni hewa iliyoko kati ya mtazamaji na mwezi. Jambo hili dogo linafundisha mengi juu ya hewa kuliko kurasa kadhaa za kitabu.

Kitu kingine ambacho uwanja hufundisha na kitabu hupotosha ni mkao wa mwezi. Vitabu vingi vimetungwa na watu wa nchi za kaskazini, na huko ni kweli kwamba mwezi mchanga huwa umesimama wima, tumbo lake likiwa kulia. Mwanafunzi wa Mombasa, iliyo digrii 4 kusini ya ikweta, au wa Mtwara, iliyo digrii 10, akitazama magharibi baada ya jua kutua siku ya pili au ya tatu ya mwezi mwandamo, haoni kitu kama hicho. Huona mtumbwi, umelala, au umeinama kidogo upande mmoja kwa kadiri ya majira ya mwaka. Na mwezi wa nusu, wa siku ya 7, hugeuka katika safari moja. Huchomoza kama saa sita mchana, upande wa nuru ukiwa juu, mithili ya mtumbwi uliofudikizwa. Jua linapotua, mwezi uko karibu na utosi na nuru yake imeelekea magharibi. Saa sita ya usiku unapotua, nuru iko chini, na mtumbwi umekaa sawa majini. Je, nuru hiyo iko kulia au kushoto? Anayeelekea kaskazini atasema kushoto. Anayeelekea kusini atasema kulia. Wote wawili ni wakweli, na kanuni ya kitabu imekwisha kazi. Kanuni inayofaa mahali popote ni moja: upande wa nuru daima huelekea lilipo jua. Mwanafunzi anayepoteza alama kwa kuchora mwezi aliouona, ilhali mwenzake anapata alama kwa kuchora mwezi wa London, amefundishwa kwamba macho yake hayana thamani mbele ya kitabu. Hakuna fundisho baya zaidi ya hilo katika sayansi.

Ni ajabu kwamba hali hii imeota mizizi katika nchi zenye elimu ya mwezi nyumbani. Katika Kiswahili neno moja hutaja mwezi wa angani na mwezi wa kalenda. Mtoto huja shuleni akijua mwezi kuandama, mwezi mchanga, mwezi mpevu, mbalamwezi na kupatwa kwa mwezi, kisha huyaacha maneno hayo langoni kwa kuwa somo ni la Kiingereza. Hesabu ya saa yenyewe humsaidia. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua karibu na saa 12 mwaka mzima, na kwa kuwa mwezi huchelewa dakika 50 hivi kila siku, mwenye kujua tarehe ya mwezi mwandamo aweza kukadiria saa ya kuchomoza kwake bila jedwali: siku ya 7 saa sita mchana, siku ya 14 au 15 saa kumi na mbili jioni, siku ya 22 saa sita usiku.

Watu wa pwani wanajua zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huwa bamvua. Katika mwambao wa Dar es Salaam na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na ndipo wanawake huenda miambani kutafuta pweza au mashambani kushughulikia mwani. Mwezi wa nusu huleta maji mafu. Kwa hiyo anayeuona mwezi wa nusu ukining'inia angani mchana asitegemee mwamba kufunuka sana. Mwezi wa mchana, ambao kitabu hauutaji, ni tangazo la maji mafu. Bara nako hakukosi mfano. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria huvuta samaki kwa taa, na usiku wa mbalamwezi aghalabu hupumzika kwa sababu taa hazina nguvu mbele ya mwezi. Mtoto wa mvuvi wa Kigoma anajua ni siku zipi baba yake hulala nyumbani. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ujuzi huo ni mwanzo wa falaki. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alilaumu fikra kwamba maarifa yenye maana ni yale tu yatokayo vitabuni au kwa wasomi. Lawama hiyo haijapoteza nguvu.

Wala mtu asidhani kwamba kutazama mwezi mchana ni mchezo wa watoto wasio na vyombo. Aristarko wa Samos, Myunani aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alitambua kwamba mwezi uwapo nusu kamili, mistari inayounganisha dunia, mwezi na jua hufanya pembe mraba pale mwezini. Akipima pembe iliyo kati ya jua na mwezi kwa mtu aliyeko duniani, aweza kujua jua liko mbali mara ngapi kuliko mwezi. Kipimo hicho hakiwezekani usiku. Chataka jua na mwezi vionekane pamoja. Alichukua pembe ya digrii 87, na kwa hiyo akaona jua liko mbali kati ya mara 18 na 20. Pembe halisi ni digrii 89 na dakika 51, na jua liko mbali karibu mara 400. Kipimo kilikuwa kibovu, hoja ilikuwa timamu. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wa kidato cha nne kazi hiyohiyo, waone jinsi kosa la chini ya digrii 3 linavyozaa kosa la mara 20.

Na mfano wa karibu zaidi upo. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kiitwacho Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Siku ilichaguliwa kwa kufuata jua: chombo kilitegemea umeme wa jua, na kilitakiwa kutua mara tu asubuhi inapoingia mahali pale, ili kifanye kazi mchana mmoja wa mwezini, ambao ni kama siku 14 za duniani. Siku hiyo mwezi ulikuwa karibu na nusu yake ya kwanza. Kilipotua ilikuwa yapata saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Afrika ya Mashariki, na mwezi wenyewe ulikuwa umekwisha kupanda upande wa mashariki wa anga la nchi hizi, jua likiwaka. Mwanafunzi yeyote aliyekuwa njiani kurudi nyumbani, kama mawingu hayakumzuia, angaliweza kuuona. Ni wangapi walioambiwa wainue macho?

Walimu watakuwa na udhuru, na baadhi ya nyudhuru hizo ni za kweli. Mtaala ni mrefu. Darasa la wanafunzi 80 halitolewi nje kwa urahisi. Masika huficha anga kwa majuma. Lakini kazi inayodaiwa si ya vipindi vitatu. Kila asubuhi wanafunzi husimama mstarini kuzunguka mlingoti wa bendera, na kwa siku kadhaa za kila mwezi mwandamo, tangu ya 18 hadi ya 24 hivi, mwezi uko juu ya vichwa vyao au upande wa magharibi saa hiyohiyo. Dakika tano kwa siku, kwa juma moja, zatosha: mwanafunzi mmoja achore umbo, mwingine apime kwa ngumi za mkono ulionyoshwa umbali kati ya mwezi na upande wa jua, wa tatu aandike saa. Ngumi moja ni kama digrii 10. Juma likiisha wataona kwamba kadiri mwezi unavyolikaribia jua ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Huo ndio mchoro wa ubaoni, ila wameupata wenyewe. Wa shule za bweni wana nafasi kubwa zaidi, kwani waweza kuendelea jioni.

Udhuru uliobaki ni mtihani, nao ndio mzito. Maadamu watungaji wataendelea kutaka majina manane yatajwe kwa taratibu, walimu watafundisha majina manane. Watungaji ndio wanaopaswa kuanza. Karatasi ya jiografia au ya fizikia ingeweza kuuliza hivi: mtu wa Bagamoyo auona mwezi upande wa magharibi saa tatu asubuhi, nusu yake ikiwa na nuru, eleza upande wa nuru umeelekea wapi, mwezi huo utatua saa ngapi takriban, ulichomoza lini, na mvuvi atarajie bamvua au maji mafu. Jibu lake ni fupi: nuru iko juu, umeelekea jua, utatua karibu saa sita mchana, ulichomoza karibu saa sita usiku, na maji ni mafu. Hakuna jina hata moja la kukariri katika jibu hilo, na aliyekesha na daftari bila kutoka nje hatalipata kwa urahisi kama yule aliyepita ufukweni asubuhi hiyo.